Vuli imeanza: lini umfungulie ng'ombe, lini umrudishe bandani

Mvua ya kwanza ikinyesha huku Misungwi mwezi wa kumi, kila mtu anataka kufungulia. Naelewa. Tangu mwezi wa sita ng'ombe wako bandani au wanazunguka kwenye mabua makavu, mashudu ya pamba yamepanda bei, kijana wa kukata majani anakwenda mbali zaidi kila wiki, halafu ghafla ardhi yote inageuka kijani. Lakini wiki hizo za kijani ndizo ninazoziogopa kuliko mwezi wote wa nane. Mwezi wa nane ng'ombe hukonda. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja ndipo hufa.

Nafuga ng'ombe wa maziwa, chotara, kando ya barabara ya Mwanza kwenda Shinyanga. Baba mkwe wangu ana zizi la ng'ombe wa kienyeji jirani na mimi, na mengi ninayoandika hapa nimejifunza kwake, mengine kwa wataalamu wa mifugo. Namwandikia mwenye ng'ombe wawili, watano au kumi, anayewalisha bandani kiangazi na angependa wale nje mvua zikija. Mwenye mia mbili hana banda la kuwarudisha, kwa hiyo mambo yake ni mengine.

Inama uyaangalie majani

Mwaka niliotaka kufungulia mapema, baba mkwe alinikuta nimesimama mlangoni pa banda.

"Shikamoo baba. Naona malisho yameshiba."

"Marahaba mwanangu. Umeyaona ukiwa wapi?"

"Nikiwa hapa."

"Kwa mbali kila kitu kibichi. Nenda uiname."

Tangu siku hiyo siamui kitu nikiwa nimesimama. Naingia malishoni, nainama, napima kwa mkono. Majani yanayofaa kuliwa yawe yamefika shibiri moja, yaani kutoka ncha ya kidole gumba hadi ya kidole kidogo ukiwa umetanua kiganja. Na ng'ombe aondolewe hapo yakibaki vidole vinne. Baada ya mvua nzuri, kimo hicho huchukua wiki tatu au nne, na mvua zikisuasua huchukua zaidi.

Halafu shika kishada cha majani kama ng'ombe anavyokishika kwa ulimi, ukivute kwa nguvu. Kikikatika juu, sawa. Kikitoka na mizizi yake, funga lango urudi nyumbani, kwa sababu ng'ombe atang'oa malisho yako badala ya kuyala. Yale machipukizi ya mwanzo hayajaanza kujitegemea. Yanakula akiba iliyohifadhiwa kwenye mizizi tangu msimu uliopita. Yakiliwa hapo, yakachipua tena, yakaliwa tena, akiba inakwisha. Mwezi wa kumi na mbili utakuwa na magugu na udongo mtupu, na utasema mvua ndiyo ilikuwa mbaya.

Kuna hesabu nyingine ambayo watu hawaipigi. Ng'ombe wa kilo 300 anahitaji kama kilo 8 za chakula kwa siku ukiondoa maji. Majani machanga ya vuli ni maji karibu asilimia 80. Ili apate kilo zake 8 inabidi ameze kilo 40 za majani hayo, na kwa majani ya urefu wa kidole hawezi, hata achunge kutwa. Ndiyo maana unaona ng'ombe anarudi na midomo ya kijani na ndoo ya maziwa inapungua.

Baada ya majani, angalia ardhi. Kanyaga kwa kisigino, uinue mguu. Maji yakijaa kwenye alama ya kisigino, ng'ombe asiingie. Hapa kwetu kila anayelima anajua tofauti ya udongo: kwenye luseni, mchanga ulio chini ya miamba, maji hunywea haraka na unaweza kuchunga siku ya pili baada ya mvua kubwa. Kwenye mbuga nyeusi subiri. Kwato zinaugandamiza ule udongo, ukikauka unakuwa sakafu, na ng'ombe mwenyewe anaondoka na matope katikati ya kwato yanayomletea uozo na kuchechemea.

Tumbo lizoee kwanza

Vijidudu vinavyomeng'enya chakula tumboni mwa ng'ombe vimeishi miezi mitano kwa mabua na pumba. Ukibadilisha chakula leo, vyenyewe havibadiliki leo. Huchukua wiki mbili hadi tatu. Kwa hiyo hata majani yakifika shibiri, ng'ombe hatoki kutwa nzima siku ya kwanza.

Mimi nafanya hivi. Asubuhi wanakula mabua au majani makavu horini mpaka waanze kupunguza kasi, ndipo wanatoka, wanakaa nje kama saa moja, wanarudi. Naongeza kidogo kidogo, na wiki ya pili ikielekea kwisha wanakaa nusu siku. Mabua ya asubuhi siyaachi hata wakizoea. Ng'ombe anayetoka na njaa hachagui, anajaza tumbo kwa lolote lililo mbele yake.

Kinyesi kitakuambia kama unakwenda haraka mno. Kinyesi kizuri huanguka kikakaa, kina mikunjo na kishimo katikati. Kikiwa kama uji mwepesi na mkia umechafuka mpaka juu, rudisha muda nyuma, ongeza mabua.

Tumbo kujaa gesi ni jambo la kujua kabla halijakukuta, hasa kwenye sehemu zenye mimea jamii ya kunde iliyolowa. Simama nyuma ya ng'ombe uangalie ubavu wa kushoto, kile kishimo kilicho mbele ya nyonga. Kwa kawaida kimebonyea. Kikijaa na kukaza kama kinataka kupita mgongo, usimwache alale. Msimamishe kwenye mwinuko, miguu ya mbele juu, mnyweshe mafuta ya kula robo hadi nusu lita, polepole, bila kumvuta ulimi ili yasiingie mapafuni, na wakati huo mtu mwingine awe anampigia simu mtaalamu wa mifugo wa kata. Akianza kuhema kwa shida, dakika zimebaki chache.

Na mtama. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu tunalima mtama na watu wanasahau. Mtama uliovunwa ukabaki visiki, mvua ya vuli ikiupata, huchipua vizuri kweli, na machipukizi hayo machanga yana sumu ya sayanidi. Ng'ombe mwenye njaa akila ya kutosha anaweza kuanguka na kufa kabla hujamaliza kuuliza amekula nini. Shamba la mtama lenye machipukizi chini ya sentimita 60 lisikanyagwe na ng'ombe wako. Kama njia ya malishoni inapita hapo, badilisha njia.

Kupe hawangoji

Hapa ndipo ng'ombe wa kienyeji na chotara wanapoachana. Ndama wa baba mkwe wanakutana na kupe wakiwa wadogo, wengi wao wanajenga kinga. Chotara wangu aliyekaa bandani kiangazi kizima hana kinga hiyo, na mvua zikianza kupe wakubwa wa kahawia, wale wanaopenda masikio, wanapanda juu ya majani kusubiri. Ndio wanaoleta ugonjwa wa ndigana kali.

Kupe huyo akishika, haambukizi saa ileile. Humchukua siku tatu hivi vimelea vikomae ndani yake ndipo vinaingia kwa ng'ombe. Muda huo mfupi ndio nafasi yako. Kila jioni ng'ombe wakirudi, ingiza vidole ndani ya sikio, mpaka kule usikoona, upapase. Toa unachokikuta. Kisha teremsha mkono chini ya sikio, halafu mbele ya bega, ukitafuta tezi. Ukiwa umezoea kushika tezi za ng'ombe mzima, siku ikivimba utajua gizani. Joto la kawaida la ng'ombe ni kati ya 38 na 39.3; kipimajoto ni cha bei ndogo kuliko kitu chochote kingine bandani. Tezi ikivimba na joto likapita 39.5, usingoje kesho, maana dawa za ndigana hufanya kazi vizuri mwanzoni tu.

Kuogesha ni kila wiki msimu wote wa mvua, kwa josho la kijiji kama linafanya kazi au kwa bomba la mgongoni. Changanya dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Dawa iliyopunguzwa ili ifike ng'ombe wengi inawafundisha kupe kuizoea. Pulizia masikio kwa ndani, chini ya mkia, kwenye kiwele na katikati ya mapaja. Ubavuni ndiko watu wanakomalizia dawa yote, na ndiko kupe wachache. Kuna pia chanjo ya ndigana kali, hupigwa na mtaalamu aliyefunzwa kwa kazi hiyo. Kwa chotara unayetaka achungwe nje, ningeuza debe la mpunga nikalipia.

Chanjo ya chambavu na kimeta ipigwe mwezi wa tisa, kabla ya mvua, kwa sababu mwili unahitaji kama wiki mbili kujenga kinga, na chambavu hupenda kutokea mvua zinapofumua ardhi. Huchagua wale vijana walionenepa, mitamba na madume ya mwaka mmoja, wale unaowaona wameshakuwa mali. Ukimkuta ng'ombe amekufa ghafla na damu inatoka puani, huenda ni kimeta: usimpasue na usimgawe nyama. Piga simu.

Saa za kutoka, na ufukwe wa ziwa

Mimi natoa saa nne asubuhi, umande ukishakauka. Viluwiluwi vya minyoo hupanda kwenye majani yakiwa na unyevu, jua likiwaka hushuka. Wanarudi saa nane au saa tisa. Ukanda huu wa Ziwa Victoria ni moja ya sehemu zenye radi nyingi Afrika, na mchana wa vuli wingu hujengeka haraka. Usimfunge ng'ombe kwa kamba chini ya mti uliosimama peke yake, na mchungaji akisikia ngurumo ya kwanza arudi nao bila kusubiri matone.

Wenzangu mlio kando ya ziwa, Magu, Sengerema, Ukerewe, najua majani ya ufukweni yanavyotamanisha. Huko, pembeni ya malambo na kwenye majaruba ya mpunga ndiko kuna konokono wanaosambaza minyoo ya ini. Vimelea hung'ang'ania majani yaliyoota kwenye maji na ng'ombe huvimeza pamoja nayo. Wakatieni ng'ombe majani ya nchi kavu, na maji wapelekeeni kwa ndoo au birika kama inawezekana. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na ziwa lenyewe halina mpaka wa kudumu: mwaka 2020 lilipanda hadi kimo kilichokuwa hakijaonekana tangu 1964. Dawa ya minyoo ya ini muulize afisa mifugo, na soma muda wa kutouza maziwa baada ya kunywesha. Wanaokunywa hayo maziwa ni watoto wa majirani zako.

Lini wabaki bandani

Mvua ikinyesha usiku kucha na kisigino kinasema hapana, wanabaki. Ng'ombe anayekaribia kuzaa anabaki, ndama wa chini ya miezi mitatu anabaki, mwenye homa anabaki. Maziwa yakishuka siku mbili mfululizo bila sababu unayoijua, wote wanabaki mpaka uipate.

Ila kabla hujasema "wabaki", ingia bandani kwanza. Mabanda mengi ya huku yanavuja, na vuli ndani kunakuwa na tope kuliko nje. Ng'ombe wa maziwa anahitaji kulala saa 10 hadi 12 kwa siku, na halali kwenye tope. Anasimama usiku mzima, hacheui vizuri, asubuhi kiwele kimechafuka na ugonjwa wa kiwele unaanza. Banda la namna hiyo si kimbilio. Mwezi wa tisa, wakati ardhi bado kavu, chimba mfereji upande wa juu, inua sakafu kwa moramu, weka bati moja juu ya sehemu ya kulalia hata kama kwingine kote ni nyasi. Kazi hiyo ndiyo inayokupa uhuru wa kuchagua.

Siku unayofungulia malisho ya kawaida, hiyohiyo funga ngitili, yaani sehemu ya malisho ya akiba. Wazee wetu wa Kisukuma waliitenga ipumzike mvua zote na kuliwa kiangazi, na wanaoingiza ng'ombe humo mwezi wa kumi na moja ndio wanaotafuta mabua ya kununua mwezi wa nane. Na kwa kuwa Januari na Februari mvua huku hupungua kabla ya masika, usimalize mabua kwa furaha ya Desemba. Bakiza ya wiki tatu chini ya paa, mbali na sakafu, ili mvua zikirudi mwezi wa tatu uwe na cha kuwapa asubuhi, maana majani ya masika nayo huchipua upya na unarudi kupima shibiri.