Kabla hujanunua miche angalia visiki shambani

Kuna njia ya kupata miti kwa kutunza machipukizi ya visiki vya zamani badala ya kupanda miche, wakulima wa Dodoma wanaiita kisiki hai, mimi nimefundishwa juzi tu na jirani nikaona niwapitishie. Kile kisiki mnachokifyekaga kila msimu na bado kinachipua, safari hii msikimalize, chagua machipukizi matatu mpaka matano manene yaliyonyooka, mengine kata, halafu hayo uliyobakiza punguza vitawi vya pembeni kuanzia chini hadi nusu ya urefu wake. Panga liwe kali na kata kuelekea juu jamani, ukikata kushuka chini ganda linachanika na kidonda kinaoza. Funga kitambaa chekundu ili vibarua wa kulima na watoto wanaochunga wajue huo mti una mwenyewe. Unakua haraka sababu mizizi iko chini tayari, hausubiri ndoo ya maji kama mche wa kitalu. Shida kubwa ni mbuzi, kama kijiji hakijakubaliana mifugo isiingie mashambani baada ya mavuno wanaguguna yote wiki moja tu. Na kisiki kilichong'olewa na mizizi kwa ajili ya mkaa hakichipui, hapo tafuta mche.