Jinsi ya kutumia istilahi "nishati ya kisukuku" bila kukosea

Kabla ya kukiita kitu nishati ya kisukuku, jiulize maswali mawili: je, kinaungua, na je, kimetokana na mabaki ya viumbe yaliyofukiwa ardhini mamilioni ya miaka iliyopita? Makaa ya mawe ya Kiwira na Mchuchuma yanakidhi yote mawili, kwa kuwa yametokana na mimea ya kinamasi iliyofunikwa na tope zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, ikagandamizwa na kupashwa joto. Petroli, dizeli na mafuta ya taa yamo katika kundi hilohilo.

Mtego mkubwa uko kwenye mkaa. Gunia la mkaa linalouzwa kando ya barabara ya Iringa kwenda Mbeya halimo katika kundi hili, kwa sababu mti wake ulikuwa ukiota juzijuzi tu. Kwa hiyo andika "mkaa" kwa ule wa miti na "makaa ya mawe" kwa yale ya mgodini, wala usifupishe.

Kutoka ardhini pekee hakutoshi. Jotoardhi la Ngozi, mkoani Mbeya, hutokana na volkano, na gesi ya kaboni dayoksaidi ya Rungwe haiungui kabisa (tena huzima moto).

Wapo wanaopendelea kuandika "mafuta ya kisukuku". Kwa maoni yangu jina hilo linapotosha, maana msomaji hufikiria kimiminika na kuyasahau makaa ya mawe pamoja na gesi asilia.