Geuza kadi ya fundi wa gesi

Mlioko Uingereza, fundi akija kufunga boila au meko ya gesi ya kuotea moto sebuleni, mwombe kadi ya Gas Safe Register, rejista rasmi ya mafundi wa gesi, kisha igeuze. Mbele kuna picha, namba ya leseni na tarehe ya mwisho. Nyuma ndiko zimeandikwa kazi anazoruhusiwa. Fundi halali kabisa wa majiko ya kupikia anaweza kuwa hana ruhusa ya kugusa boila, na wa gesi ya bomba akakosa ile ya mitungi. Afadhali umwombe namba kwenye simu, uihakiki kwenye tovuti ya rejista kabla hajafika. Kwa hita za umeme kadi hii haisaidii, wala haikwambii kama bei ni ya haki.