Kufufua Benzi 1113 uani, na upepo uliotula siku nne

Mwezi wa sita shemeji alinipigia simu. "Fundi, lile gari la mzee nataka liwake." Lile gari nalijua. Ni lori, Mercedes-Benz L 1113 la pua ya mviringo, lililobeba tumbaku kutoka Urambo miaka na miaka, halafu likaegeshwa chini ya mwembe pale Ipuli, Tabora, mzee alipougua, na halikutoka tena. Kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha dereva.

Sasa linatembea. Nimeandika jinsi tulivyofanya kwa ajili ya mtu mwenye gari la aina hiyo, ua wa kulilaza na spana zake. Namna ya kushika spana sifundishi hapa.

Hatua ya 1: Kadi

Kabla hujanunua hata filta, itafute kadi ya gari na ulinganishe namba ya chesisi na namba ya injini na zile zilizogongwa kwenye chuma. Gari la urithi lisilo na karatasi zilizonyooka litakula hela zako, halafu likwamie getini. Mirathi imalizwe kwanza, spana baadaye.

Hatua ya 2: Wenyeji walioko ndani

Hapa ni Tabora, kwa hiyo ukifungua gari lililolala, kuna nyuki. Letu lilikuwa na mzinga mzima nyuma ya dashibodi, na masega mengine kwenye mtungi wa filta ya hewa. Usipulizie dawa. Mwite mrina asali, aje jioni na moshi wake. Wa kwetu aliondoka na nyuki wake, akatuachia nusu ndoo ya asali, na huo ndio ujira pekee tuliopata kwenye kazi hii yote.

Mbao za bodi zilikuwa zimeliwa na mchwa. Ng'oa, choma, sahau.

Piga picha kila kitu kwa simu kabla ya kufungua, hasa nyaya na mabomba ya breki. Ukishainua kwa jeki, chini ya chesisi weka stendi za chuma au magogo ya mti mgumu. Tofali la kuchoma hapana, hata likiwa zuri vipi. Tofali hupasuka bila kuaga, na wewe umelala chini.

Hatua ya 3: Kugeuza injini

Injini ni OM 352: silinda sita, lita 5.7, nguvu za farasi 130 kwenye mizunguko 2,800 kwa dakika. Ni injini mvumilivu, ila iliyolala miaka mingi huwa imekamata, ringi za pistoni zimeshikana na silinda kwa kutu. Kosa la kwanza watu wanalofanya ni kuweka betri na kupiga stata. Kosa la pili, baya zaidi, ni kulivuta kwa trekta likiwa kwenye gia. Utavunja ringi, au upinde kitu ambacho kukipata ni mpaka Dar.

Toa nozeli zote sita, zile zinazopuliza mafuta ndani ya silinda. Mimina kwenye kila silinda nusu kikombe cha chai cha dizeli iliyochanganywa na yale mafuta mekundu ya giaboksi ya otomatiki. Funika matundu kwa kitambaa safi, ondoka. Sisi tuliacha siku tano, tukiongeza kila jioni. Kisha ingiza boksi spana kwenye nati ya mbele ya krenki, weka mpini mrefu, na usukume kidogo mbele, kidogo nyuma. Usitafute mzunguko mzima. Ukiipata robo ya inchi, umeshinda; irudie rudie hadi robo iwe inchi.

Ikizunguka, izungushe mara kadhaa nozeli zikiwa bado nje, ili mafuta uliyomimina yaruke kabla hujafunga. Silinda iliyojaa mafuta haishindiliki, itapinda koneksheni rodi. Mwaga oili ya zamani, weka mpya, badilisha filta. Pima tapeti, yaani nafasi za valvu, injini ikiwa baridi: za kuingiza hewa milimita 0.20, za kutoa moshi milimita 0.30. Mpangilio wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4.

Jambo moja ambalo mafundi wengi wanaliruka: kagua wenzo wa kuzimia kwenye pampu ya mafuta. Pampu iliyolala hushikwa ndani, na kama imeshikwa mahali pa mafuta mengi, injini itawaka na kupanda mizunguko bila kukubali kuzimwa. Wenzo lazima uende na kurudi kwa kidole. Hata ukirudi vizuri, mara ya kwanza ya kuwasha mtu mmoja asimame na kipande cha ubao cha kuziba mdomo wa hewa. Shemeji alisimama na ubao wa kukatia nyama. Hatukuuhitaji, lakini alisimama.

Hatua ya 4: Mafuta, na upepo

Hapa ndipo tulipolala.

Tulisafisha tanki, tukaweka filta mpya, tukamimina lita 20 za dizeli. Tukatoa upepo, yaani hewa iliyonaswa kwenye njia ya mafuta, kama kawaida, tukapiga stata, ikawaka. Watoto wa mtaa mzima wakashangilia. Sekunde arobaini hivi, ikakohoa, ikazima. Tukatoa upepo tena, ikawaka, sekunde arobaini, ikazima. Hivyo hivyo hadi jua likazama, na kesho yake, na keshokutwa.

Kwanza namna ya kutoa upepo, maana kuna wanaokosea hata hapa. Ubavuni mwa pampu kubwa, ile yenye wenzo wa kuzimia, kuna pampu ndogo ya kuvuta mafuta, na juu yake kitufe cha kupampu kwa mkono. Kifungue kwa kukizungusha, kisha pampu. Legeza skrubu ya juu ya filta, endelea kupampu. Litatoka povu, kisha povu na mafuta, kisha mafuta matupu. Ifunge mafuta yakiwa bado yanatoka, usisubiri yasimame. Hamia skrubu ya pampu kubwa, fanya vile vile. Funga kitufe chako, kibane kabisa, maana kikibaki wazi ni mlango mwingine wa upepo. Mwisho legeza nati za mabomba ya nozeli mbili au tatu, mwenzako apige stata hadi mafuta yaruke, kisha kaza. Stata isizidi sekunde 15 kwa mara moja, halafu ipumzike dakika nzima. Na usiweke kiganja mbele ya mafuta yanayoruka kutoka kwenye nozeli: mkandamizo ule hutoboa ngozi, na jeraha lake ni la hospitali hata kama linaonekana kama mchomo wa sindano.

Haya yote tulikuwa tunayafanya sawasawa. Tatizo lilikuwa upepo kuingia upya, na sisi tulikuwa tunatafuta mahali panapovuja. Tulifuta kila kiungo kwa kitambaa kikavu, tukamulika kwa tochi, hakuna hata tone.

Kumbe njia ya mafuta ina pande mbili zenye tabia tofauti. Kutoka pampu ndogo kwenda kwenye filta na pampu kubwa, mafuta yanasukumwa. Penye ufa patadondosha na utapaona. Lakini kutoka tanki hadi pampu ndogo mafuta yanavutwa. Ufa wa upande huo haudondoshi kitu, unanyonya hewa tu. Paipu itakuwa kavu na safi, na hiyo hiyo ndiyo mwizi. Zile sekunde arobaini zilikuwa mafuta tuliyojaza wenyewe kwa mkono kwenye filta na pampu. Yakiisha hayo, unafuata upepo.

Siku ya tatu nikafanya nilichotakiwa kufanya siku ya kwanza. Nenda kwa mafundi ujenzi ununue mita mbili za mpira wa maji, ule mwangavu wa kupimia usawa. Ning'iniza dumu la lita 5 lenye dizeli safi juu kuliko injini, ingiza mpira, uunganishe moja kwa moja kwenye pampu ndogo, tanki uliache kando. Ikiwaka na kuendelea, injini yako haina shida, shida iko kati ya tanki na pampu. Yetu ilinguruma nusu saa bila kukohoa. Mpira huo ni wa kupimia tu, usiuache kwenye gari. Dizeli huukausha ukapasuka.

Basi tukabadilisha mpira wote wa upande wa tanki. Tukabadilisha washa za shaba kwenye boliti za mabomba. Kama huna mpya, zichome za zamani hadi ziwe nyekundu, uzitumbukize kwenye maji; shaba hulainika na kuziba vizuri tena. Usizungushie tepu nyeupe ya mafundi bomba, tafadhali. Vipande vyake vinaishia kwenye nozeli, nimeshavitoa kwa sindano kwenye gari la mtu.

Tukarudisha tanki. Sekunde arobaini.

Wakati huo nimechoka, na kijana mmoja pale akashauri tuinusishe petroli kwenye mdomo wa hewa ili "ipate nguvu". Nikamfukuza uani. Kunusisha petroli kunapasua ringi na kunaunguza watu, na hakutoi upepo hata chembe.

Siku ya nne akaja babu mmoja wa mtaa wa Ng'ambo, aliyewahi kuliendesha gari lile. Tukamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye ndoo akitutazama. Kisha akauliza, "Tanki mmejaza kiasi gani?"

"Lita ishirini, babu."

"Hilo gari halikutembea na lita ishirini hata siku moja. Marehemu alikuwa mkali, likishuka chini ya nusu anajaza. Sikuwahi kujua kwa nini."

Nilisimama kama mtu aliyemwagiwa maji. Tulifungua ile paipu inayoshuka ndani ya tanki, ile inayonyonya mafuta kutoka chini. Nikaziba ncha moja kwa kidole, nikaitumbukiza kwenye beseni la maji, nikapuliza. Mapovu yalitoka katikati, kwenye ufa mwembamba kama unywele. Tanki likiwa zaidi ya nusu, ufa unakuwa ndani ya mafuta na gari linanyonya mafuta. Likishuka, ufa unakuwa hewani na gari linanyonya hewa. Mzee wetu aliishi na ufa ule bila kuujua, akaugeuza kuwa utaratibu.

Paipu ilichomelewa kwa brasi, gharama yake ni chini ya sahani ya wali kuku. Mpelekee mchomeleaji paipu peke yake, usimpelekee tanki. Tanki lililokuwa na dizeli, hata ukiliona kavu, lina mvuke, na moto wa kuchomelea ukiukuta utalipuka.

Hatua ya 5: Breki

Badilisha mipira yote ya breki, yote, hata ile inayoonekana mizuri. Weka raba mpya kwenye silinda za magurudumu, na fluidi mpya ya breki. Usiweke oili ya injini badala yake, huvimbisha raba hizo. Mitungi ya hewa imwage maji. Lainingi za enzi hizo nyingi zina asbesto, kwa hiyo vumbi la ndani ya drami usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Lilowanishe, ulifute, kitambaa ukifukie.

Hatua ya 6: Matairi

Rimu za zamani zina pete ya chuma inayoshikilia tairi. Pete hiyo ikifyatuka tairi likiwa na upepo, inaua. Toa upepo kabisa, hadi ung'oe kiini cha valvu, kabla hujalegeza nati yoyote ya gurudumu. Kwenye matairi pacha ya nyuma toa yote mawili. Wakati wa kujaza, tairi liwe ndani ya kizimba cha chuma, na wewe simama mbali, ukitumia mpira mrefu wa kompresa. Kama fundi wako hana kizimba, mtafute mwingine.

Wenye malori ya Kiingereza, yaani Bedford au Albion: nati za magurudumu ya upande wa kushoto kwa kawaida hufunguka kinyume. Nilivunja boliti mbili za Bedford nikiwa kijana kabla mtu hajaniambia.

Hatua ya 7: Umeme na nyongeza

Nyaya vuta mpya. Angalia kwanza kama gari lako ni volti 12 au 24, yapo ya aina zote mbili.

Watu watakushawishi utoe OM 352 uweke injini ya Fuso. Mimi sikubali. Utahamisha vishikizo vya injini, rejeta na propela shafti, na badiliko la injini itabidi liingizwe kwenye kadi. Nyongeza zangu ni tatu tu: rilei za taa kubwa, mikanda ya viti, na filta ya kutenga maji yenye kikombe cha kioo kabla ya pampu ndogo. Hicho kikombe ningekuwa nacho tangu mwanzo, ningeyaona mapovu siku ya kwanza.

Hatua ya 8: Bodi, rangi, na safari ya kwanza

Bodi mpe seremala. Mbao za mninga nunua zenye risiti. Rangi ni msasa, puti, msasa, na uvumilivu.

Safari ya kwanza iwe fupi, bila mzigo. Sisi tulikwenda Igombe na kurudi, tanki likiwa na lita 20 kwa makusudi. Ukirudi, kaza tena nati zote za magurudumu, maana rangi mpya chini ya nati hujishindilia na nati hulegea. Tulikuta mbili zimelegea, zote za gurudumu la nyuma kulia, lile alilolifunga shemeji.