Jinsi ya kuanza kuangalia muvi za yakuza za zamani bila kukata tamaa njiani

Watu wengi wakisikia muvi za yakuza, yaani magenge ya wahalifu ya Kijapani, za miaka ya 60 ni kali wanaenda moja kwa moja kwenye Branded to Kill ya 1967 kwa sababu ndo inatajwa sana, nusu saa haijaisha hawaelewi nani kamuua nani, wanazima halafu wanasema hizi muvi ni za wasomi tu. Jamani sio hivyo, mmeanzia mwisho. Mi nlifanya kosa hilohilo na nkakaa muda mrefu sana bila kurudi, kwa hiyo ntakupa mpangilio ambao ningependa mtu angenipa mimi.

Kwanza jua studio, maana kipindi kile studio ndo ilikuwa inaamua muvi iweje. Nikkatsu ilikuwa ya mjini: suti kali, jazi, baa, bastola, magari. Toei walikuwa na yakuza wa kimono na upanga, waigizaji kina Ken Takakura na Koji Tsuruta, na stori karibu zote zinazunguka vitu viwili, giri na ninjo. Giri ni deni la wajibu, yaani bosi wako kakulea basi akisema nenda unaenda. Ninjo ni moyo wako wewe mwenyewe unataka nini. Steringi anabanwa katikati hapo, anavumilia anavumilia we mpaka mwisho anachukua upanga anaenda peke yake. Ukizielewa hizo mbili tu umeshaelewa nusu ya muvi zote za yakuza, hata za Nikkatsu ambazo zinajifanya hazijali.

Anza na A Colt Is My Passport, 1967, ya Takashi Nomura. Stori yake nyepesi kabisa: muuaji wa kukodiwa anamuua bosi mmoja wa genge, kisha waliomkodi wanapatana na genge la yule marehemu na yeye ndo anageuka mzigo wa kuondolewa. Basi. Steringi ni Joe Shishido, utamjua kwa mashavu, aliyafanyia upasuaji 1957 yavimbe ili sura yake ikae kwenye kumbukumbu za watu na kweli imekaa. Muziki wake unafanana na wa muvi za kauboi za Kiitaliano, na pambano la mwisho lipo kwenye uwanja mtupu wenye vumbi, nyeusi na nyeupe, mtu mmoja na upeo wa macho. Ukiipenda hiyo tuendelee.

Ya pili Youth of the Beast, 1963, hapa sasa unakutana na muongozaji Seijun Suzuki. Ni Shishido tena, anajipenyeza kwenye magenge mawili. We angalia maofisi ya hayo magenge tu: moja lipo nyuma ya kioo cha klabu ya usiku, wao wanaona ukumbi mzima ila huko klabu hakuna anayewaona wala sauti haisikiki, lingine lipo nyuma ya skrini ya ukumbi wa sinema, kwa hiyo watu wanatishana huku mapicha makubwa yanapita nyuma yao. Hakuna aliyemlazimisha afanye hivyo, angeweza kuweka meza na viti yakaisha.

Sasa namna ya kuangalia. Usiangalie kwenye simu, nakuomba. Nyingi zimepigwa kwa skrini pana sana na waongozaji wanaweka vitu pembeni kabisa, mtu kasimama ukingoni kulia, mlango upo kushoto, katikati pamebaki patupu kwa makusudi, kwenye simu yote hayo yanapotea. Chukua sauti ya Kijapani yenye maandishi chini, ukichukua iliyotafsiriwa sauti unakosa zile salamu ndefu za heshima na namna mtu anavyobadilisha ukali wa maneno akiongea na bosi. Na ukishaimaliza mara ya kwanza rudia dakika kumi bila maandishi, uangalie rangi na miili tu. Mi hapo ndo nlishtuka, nkagundua nlikuwa nasoma badala ya kuangalia.

Ya tatu, na hii ndo naipenda kuliko zote, Pale Flower ya Masahiro Shinoda, 1964, hii ya studio ya Shochiku. Muraki katoka jela kwa kuua, anakutana na binti anaitwa Saeko kwenye chumba cha kamari, na huyo binti anataka dau kubwa zaidi kila siku, hatabasamu mpaka hatari ipande. Kamari yenyewe ni ya karata na sheria zake hazitakusaidia kitu, usihangaike kuzitafuta, sikiliza mlio wa karata na angalia macho ya watu. Muziki ni wa Toru Takemitsu. Ikifika mauaji ya mwisho unasikia opera ya Purcell, mtunzi wa zamani wa Kiingereza, mwanamke anaimba kuaga dunia, wakati kisu kinafanya kazi, kelele zote zingine zimezimwa. Nimeiona mara nyingi na bado hapo nanyamaza.

Baada ya hapo Tokyo Drifter, 1966, ya Suzuki. Tetsuya Watari na suti yake ya bluu ya mawinguni, anaimba wimbo wa muvi mwenyewe, rangi zinabadilika bila sababu na mwisho ni klabu nyeupe tupu ambayo haifanani na klabu yoyote duniani. Hapo ndo sasa uende Branded to Kill, nayo ya Suzuki: muuaji anayeshika namba tatu kwa ubora, anayependa harufu ya wali unaochemka, kipepeo anatua kwenye bunduki na risasi inaenda kwa mtu mwingine. Kwa hii muvi Nikkatsu walimfukuza Suzuki 1968, bosi kasema muvi zake hazieleweki, akawashtaki, wakamalizana 1971 ila alikaa karibu miaka kumi hapewi muvi ya kuongoza.

Malizia na upande wa pili wa shilingi, Battles Without Honor and Humanity, 1973, Kinji Fukasaku. Hiroshima baada ya vita, kamera inatikisika, hakuna giri hakuna ninjo, mabosi waoga wanauza vijana wao. Majina ni mengi sana kwa hiyo chukua karatasi, kila mtu akitokea jina linaandikwa kwenye skrini, andika yupo genge gani, na akifa picha inaganda inaandikwa tarehe, basi.

Kisha tafuta Graveyard of Honor ya 1975, ya Fukasaku huyohuyo, na uiangalie wiki ileile na Tokyo Drifter. Steringi ni Watari tena. Yule kijana wa suti ya bluu aliyekuwa anaimba, miaka tisa tu baadaye, kakaa mbele ya mabosi wake na mifupa ya marehemu mkewe iliyobaki baada ya maiti kuchomwa, anaitafuna, wao wanamwangalia hawana la kusema.