Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kuchagua Mradi wa Kemia wa Sekondari

Mwanafunzi akiambiwa atafute mradi wa kemia, macho hukimbilia kinachofoka povu au kugeuka rangi ghafla. Ningemwomba aanze na swali. Siki ikikutana na magadi hutoa povu la kuvutia, lakini povu peke yake si mradi. Linakuwa mradi pale anapouliza: siki ikipashwa moto kidogo, gesi itatoka upesi zaidi? Sasa ana kitu cha kubadilisha, yaani joto, na cha kupima, yaani muda. Mengine yote yabaki vilevile. Swali lisilopimika kwa saa, rula, mizani au kipimajoto aliweke kando.

Ajue pia ana siku ngapi. Kutenganisha rangi za wino kwa karatasi na maji huisha ndani ya saa moja (mstari wa kuanzia uchorwe kwa penseli, maana wino wa kalamu nao utapanda na maji). Fuwele kubwa hudai siku nyingi.

Kwa anayeanza, mimi humpendekezea kutu. Msumari mmoja ukae kwenye maji ya kawaida, wa pili kwenye maji ya chumvi, wa tatu kwenye maji yaliyochemshwa na kufunikwa na mafuta, wa nne kwenye chupa kavu iliyofungwa pamoja na kloridi ya kalsiamu inayonyonya unyevu. Kuchemsha hufukuza oksijeni iliyoyeyuka majini, na mafuta huizuia isirudi. Ila misumari iliyopakwa zinki itamwangusha: wiki itapita na yote ingali inang'aa, naye atadhani kemia imekosea. Achague ya chuma kitupu, aisugue kwa msasa, na kila hali aiwekee misumari mitatu, kwani mmoja hauthibitishi kitu.

Usalama uamuliwe kabla ya kugusa chochote. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo isichanganywe kamwe na siki wala amonia. Gesi zinazotoka huumiza mapafu. Kupitisha umeme kwenye maji ya chumvi nako huzalisha klorini, kwa hiyo kusifanyike chumbani bila mwalimu. Miwani ya kinga ivaliwe hata kwa siki. Mabaki ya salfeti ya shaba, ile chumvi ya bluu ya kukuzia fuwele, yasimwagwe mtaroni, kwa sababu yanaua viumbe wa majini. Mwalimu aulizwe mapema yatapelekwa wapi.