Kufanya masta ya wimbo ukiwa chumbani

Masta ni hatua ya mwisho ya kuuweka wimbo sawa kabla haujatoka. Ukiniletea miksi (sauti zote zikiwa zimeshachanganywa pamoja) hapa Temeke ikiwa imeshabanwa na limita, kifaa kinachozuia sauti isivuke kiwango fulani, nakurudisha nayo. Programu ya masta inahitaji nafasi. Ondoa limita, vilele (sehemu zenye sauti ya juu kabisa) viishie karibu na desibeli -6, kisha toa faili la WAV la biti 24.

Mimi natumia Ozone, programu ya masta, ndani ya Reaper, programu ya kurekodi na kuhariri sauti. Msaidizi wake anapendekeza mipangilio yote kwa kubofya mara moja. Kwa singeli huwa nazima nusu ya anayopendekeza.

Kabla ya kugusa chochote, weka sambamba na wako wimbo uliokwisha kutoka, wa aina yako, uushushe mpaka ulingane kwa sauti na wako. Usipofanya hivyo sikio litakudanganya, maana chenye sauti kubwa huonekana kizuri zaidi. Linganisha besi, halafu mwimbaji. Kwenye ikwalaiza, inayoongeza au kupunguza besi na sauti nyembamba, kata chini ya hezi 30. Kwingine kokote usiongeze wala kupunguza zaidi ya desibeli 2. Ukiona unahitaji zaidi, tatizo liko kwenye miksi.

Limita ikae mwisho, dari yake (kiwango cha juu kabisa) desibeli -1, ipunguze desibeli 2 au 3 tu kwenye vilele. Spotify hushusha nyimbo zenye kelele hadi LUFS -14 hivi (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia), kwa hiyo kubana hadi LUFS -6 ni kuua ngoma bure. Ila wateja wa singeli hawanielewi kabisa hapo! DJ wa mtaani hana kitu cha kusawazisha sauti, basi wao nawatolea faili la pili lililosukumwa zaidi.

Jaribu kwenye simu. Besi ikipotea, ongeza kidogo kati ya hezi 100 na 200.